Mstari wa Mengineyo

Fomu zote nilizowahi kujaza, kuanzia ya kujiunga kidato cha kwanza mpaka ya mkopo wa chuo, zinafanana kwa jambo moja. Mahali fulani chini kabisa kuna neno "mengineyo", na mbele yake nafasi isiyotosha hata nusu ya unachotaka kusema. Sisi tunaopenda vitabu huwa hatuhesabu fomu kuwa maandishi. Tunasoma riwaya, tunabishana kuhusu mashairi, tunagombana juu ya mwisho wa hadithi fulani. Fomu tunajaza tu na kusahau. Lakini kuna msomaji mmoja mkubwa ambaye kazi yake ni kusoma fomu, naye ndiye anayeamua dawa ziende wapi, chanjo zipelekwe kwa nani, na wilaya ipi iambiwe ijihadhari. Msomaji huyo ni serikali. Jambo ambalo halikuandikwa kwenye fomu, kwake ni kama halikutokea.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi imenizoesha kuomba takwimu: wangapi, lini, wapi, wameongezeka au wamepungua. Kwa miaka mingi nilizipokea zikiwa zimeshaiva, kwenye karatasi yenye nembo juu na saini chini. Nilianza kutaka kujua zinapikiwa wapi (sisemi kupika kwa maana ile mbaya, ingawa nayo ipo) baada ya msiba wa baba mkubwa, Februari 2021, kijijini upande wa Handeni.

Baba mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye nguvu zake, mtu wa kuendesha baiskeli mpaka Kabuku na kurudi bila kulalamika. Jumatatu akaanza kukohoa. Wakamfukiza, kama nchi nzima ilivyokuwa ikijifukiza wakati ule, kwa majani ya mkaratusi na michaichai. Jumatano akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Ijumaa alfajiri akafariki kitandani kwake, hajafika zahanati.

Msibani kila aliyeulizwa alikuwa na neno lake. Wazee walisema "kifua". Binamu yangu anayefanya kazi mjini alisema "nimonia". Mmoja wa majirani, mtu anayesikiliza sana redio, alisema "changamoto ya upumuaji". Hakuna aliyedanganya. Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza miezi ile, na nadhani siku moja wanaisimu wetu watakuja kuandika tasnifu juu ya maneno hayo matatu tu. Neno corona halikutajwa na mtu, hata kwa kunong'ona.

Siku ya tatu, tukiwa tumekaa mkekani, mama mkubwa akanigeukia. "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa habari? Sasa baba yako ameandikwa wapi?"

Sikumwelewa haraka. Alikuwa mke wa mwalimu kwa miaka arobaini. Nyumba ile ilijaa madaftari ya mahudhurio. Alichoamini ni kwamba mtu asipoonekana darasani, kuna mahali anawekewa alama, na kuna mtu atakayeuliza kwa nini hayupo.

Ukweli ni kwamba hakuwa ameandikwa popote. Vitabu vya zahanati humwandika aliyefika zahanati. Cheti cha kifo, kwa watu wengi wa vijijini, hufuatwa pale tu kunapokuwa na pensheni, akaunti ya benki au mirathi. Na hesabu ya taifa ya ugonjwa ule ilikuwa imesimama.

Tukumbushane kidogo, maana tunasahau upesi. Tarehe 16 Machi 2020, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyekuwa amerejea Arusha akitokea Ubelgiji. Ummy ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kwetu ile ilikuwa kama sauti ya dada wa nyumbani. Tarehe 29 Aprili serikali ilitoa idadi ya wagonjwa 480. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na zikaonekana zina virusi, hivyo vipimo haviaminiki. Baada ya Zanzibar kuongeza za kwake mwezi huohuo, jumla ikafika wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha kimya. Kwenye majedwali ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilibaki na 509 na 21 kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kutilia shaka kipimo ni jambo halali. Maabara yoyote duniani inaweza kukosea. Ila mizani ya dukani ikiharibika, muuzaji hutafuta nyingine, maana wateja bado wanahitaji sukari. Sisi tuliweka mizani chini ya meza na biashara ikaendelea kwa kukisia. Februari ileile ya baba mkubwa, tarehe 17, Maalim Seif Sharif Hamad alifariki. Chama chake kilikuwa kimeshasema mwezi uliotangulia kwamba ameambukizwa corona. Kwenye jedwali bado ilikuwa 509.

Baadaye mambo yalibadilika. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 24 Julai 2021 dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo zikatua Dar es Salaam. Lakini ukifungua grafu ya Tanzania leo utaona mstari ulionyooka kama reli, kuanzia Mei 2020 mpaka katikati ya 2021. Baba mkubwa yumo mahali fulani kwenye mstari ule, pamoja na wazee wengine wengi ambao siwezi kuwahesabu, na hakuna mwingine anayeweza.

Wapenzi wa fasihi watakumbuka kitabu cha Daniel Defoe cha 1722 kuhusu mwaka wa tauni London, 1665. Watu hukisoma kwa ajili ya mikokoteni ya maiti na nyumba zilizofungwa kwa nje. Mimi nilipokirudia baada ya msiba nilishtushwa na kitu kingine: msimulizi wake anahangaika na takwimu karibu kila kurasa kadhaa. Kila wiki parokia za London zilichapisha orodha ya waliokufa na sababu za vifo. Anaona tauni iko chini, lakini homa nyingine zimepanda ghafla bila maelezo. Anatambua kwamba familia zinaficha, kwa sababu ukitaja tauni nyumba yako inafungwa na wewe ukiwa ndani. Na wale waliotumwa kukagua maiti waliweza kupewa chochote ili waandike jina lingine. Miaka zaidi ya mia tatu na hamsini kabla yetu, London nayo ilikuwa na "changamoto ya upumuaji" yake.

Kwa hiyo nikaamua kwenda kuangalia orodha zetu zinavyotengenezwa. Nilipanda Noah kutoka stendi ya Korogwe, kilomita 65 za lami mpaka Handeni, nikashuka njiani kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Nesi aliyenipokea ni mama wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi na alikuwa anahesabu.

Mfumo wenyewe unaitwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nao upo tangu miaka ya tisini. Moyo wake ni vitabu vikubwa vya rejista, kila kimoja na namba yake. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Ukifika unaumwa kichwa, unaandikwa kwenye namba 5: tarehe, jina, unakoishi, umri, jinsi, ugonjwa ulioonekana, dawa uliyopewa. Mwisho wa mwezi nesi anapitia kurasa zote na kupiga tali, vijiti vinne na cha tano kinavikata. Malaria, wenye chini ya miaka mitano, wanaume, vijiti kadhaa. Kuhara, vijiti kadhaa. Majumuisho yanakwenda halmashauri, na huko mratibu anayaingiza kwenye kompyuta. Magonjwa ya hatari kama kipindupindu, surua, tauni au mtoto kupooza ghafla hayasubiri mwisho wa mwezi. Hayo huripotiwa mara moja, na kuna taarifa ya kila wiki inayoweza kutumwa hata kwa simu ya kitochi.

Msomaji, angalia kinachotokea pale. Ukurasa wa Kitabu namba 5 ni kama hadithi fupi. Kuna mtu, ana jina, anatoka kijiji fulani, amekuja siku fulani analalamika jambo fulani. Vijiti vinapopigwa, jina linabaki zahanati, kijiji kinabaki zahanati, siku inabaki zahanati. Kinachosafiri ni kijiti. Siwalaumu waliobuni, maana Wizara haiwezi kusoma hadithi milioni kadhaa kila mwezi, na siri ya mgonjwa nayo ni haki yake. Lakini kijiti kinahitaji mstari wa kukaa, na mstari ulichorwa na mtu aliyekuwa anafikiria magonjwa aliyoyajua.

Nilimuuliza yule mama mwanzoni mwa 2021 wagonjwa wa kushindwa kupumua aliwaweka mstari gani.

"Nimonia," alisema. "Wengine pumu. Waliobaki, magonjwa mengine. Ungewaweka wapi?"

Kompyuta iliyoko halmashauri, kwa bahati nzuri, haina ukaidi huo. Programu inayotumika ni DHIS2, na historia yake ni ya Kiafrika kuliko wengi wanavyodhani. Mbegu yake ilipandwa Cape Town katikati ya miaka ya tisini, Afrika Kusini ilipokuwa inaunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi, na ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Ni programu huria, haiuzwi, na iliundwa makusudi ili kila nchi iweze kuongeza au kuondoa mstari bila kumwita mtaalamu kutoka Ulaya. Sri Lanka walionyesha inavyowezekana. Januari 2020, dunia ikiwa bado inajifunza kutamka jina la ugonjwa, vijana wao waliitumia DHIS2 kutengeneza haraka mfumo wa kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini, kisha nchi kadhaa, za Afrika zikiwemo, zikaiga. Programu hiyohiyo tulikuwa nayo hapa tangu 2013, wilaya zote.

Kwa maneno mengine, mashine ya kunyumbulika tulikuwa nayo. Kuongeza mstari kwenye skrini ni kazi ya siku moja. Lakini pale zahanati kitabu kimechapishwa, kimejalidiwa, kimeletwa kwa gari, na kitatumika mpaka kurasa ziishe. Na juu ya kitabu kuna mtu, mwenye mshahara na mkuu wa kazi, ambaye anajua vizuri neno gani linaandikika mwaka huu na lipi haliandikiki.

Kuna jambo jingine nililoliona njiani, bila kuuliza mtu. Handeni na Korogwe ni majirani wa mlango kwa mlango, na kila jina limebeba halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Mtu wa Segera akizidiwa usiku, Hospitali ya Magunga pale Korogwe inaweza kuwa ndiyo iliyo karibu naye. Akifika anahesabiwa Korogwe, ingawa aliugulia Handeni na ndugu aliowaacha wakikohoa wako Handeni. Takwimu za kila halmashauri hupanda ngazi zake mpaka mkoani Tanga, na kwa kawaida mtu wa halmashauri moja anaona za kwake tu anapofungua mfumo. Ugonjwa umevuka kwa Noah ya shilingi elfu chache. Habari yake inazunguka kupitia mkoani. Na ongeza watu wanaohama. Msomera, Handeni, ilianza kupokea familia kutoka Ngorongoro mwezi Juni 2022, miezi miwili kabla ya sensa ya Agosti 23. Mpangaji anayetumia makadirio ya sensa iliyotangulia, ya 2012, ana kijiji cha zamani kichwani. Mwezi mmoja asilimia za chanjo zinaweza kupita mia, na mwezi unaofuata chupa zikaisha, na hakuna aliyefanya uzembe.

Si kwamba hatujui kuhesabu kwa umakini. Korogwe ileile, kuanzia 2009 mpaka 2014, ilikuwa moja ya vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, chini ya watafiti wa NIMR. Katika jaribio lile la watoto 15,459, homa ya mtoto mmoja iliandikwa kwa saa, kwa nyuzi, kwa kipimo cha damu, na kifo kilifuatiliwa mpaka nyumbani. Mwaka 2021, tarehe 6 Oktoba, Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo ile itumike. Watoto wa Korogwe wamo kwenye uamuzi huo. Siwaonei wivu, ninajivunia. Ninachosema ni kwamba umbali wa mwendo wa asubuhi kwa gari unatenganisha mtoto aliyeandikwa kila homa yake na mwalimu ambaye hakuandikwa hata kifo chake. Tofauti yao haikuwa akili za watu wetu. Ilikuwa fedha, na ilikuwa kwamba kuna mtu alikuwa anataka kweli kujua.

Na kuna siku tumetaka kujua. Julai 2022, mkoani Lindi, wahudumu walipata wagonjwa ambao hawakulingana na mstari wowote: homa, uchovu mkubwa, kutokwa damu puani. Hawakuwasukumia kwenye malaria wakafunga kitabu. Walisema wazi, hatujui hiki ni nini. Wataalamu wakashuka, Ebola na Marburg zikapimwa zikakosekana, mwisho ikajulikana ni homa ya Mgunda, inayotoka kwa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20 na vifo 3. Machi mwaka uliofuata Kagera nako kulianza kwa maneno "ugonjwa usiojulikana", na siku chache baadaye ikathibitishwa kuwa ni Marburg. Kote kuwili habari ilianza na mtu wa ngazi ya chini kuruhusiwa kuandika kwamba hajui.

Hapo ndipo nilipofika mimi baada ya kusumbua watu wengi kwa maswali. Wataalamu wa mifumo wakisema "mfumo unaonyumbulika" huwa wanamaanisha programu. Mimi nadhani kunyumbulika kunaanzia kwenye nafasi iliyo wazi kwa ajili ya jambo lisilo na jina, yenye upana wa kutosha sentensi nzima. Kunahitaji mtu wa upande wa pili anayeisoma sentensi ile na kupiga simu: mama, wale watatu ulioandika Jumanne wanaendeleaje? Kunahitaji habari ivuke mpaka wa halmashauri haraka kama Noah inavyovuka. Kunahitaji njia ya kumwandika anayefia nyumbani, kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa kitongoji, ambao huwa msibani kabla ya wote. Zaidi ya yote kunahitaji aliyeandika asiadhibiwe kwa alichokiandika, wala familia isiogope kwamba ikitaja jina la ugonjwa itanyang'anywa maiti yake. Bila hilo la mwisho, hata skrini iwe na mistari elfu, watu watarudi kwenye "kifua".

Yule nesi, alipomaliza kupiga tali na kunizoea kidogo, alivuta droo ya meza akatoa kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimechakaa. Alilinunua mwenyewe. Humo ameandika kwa miaka kadhaa wale anaowaita "wasioingia": wagonjwa ambao mstari waliopewa kwenye rejista haukumridhisha. Hakuna majina. Kuna kijiji, tarehe, umri, na maneno machache. *Hapandi homa, lakini midomo ya bluu. Wawili wa nyumba moja. Ameletwa na baiskeli, amekataa rufaa. Mumewe alizikwa wiki iliyopita, hakuletwa.*

Kurasa za Januari mpaka Aprili 2021 ni nyingi kuliko za mwaka wowote mwingine ndani ya lile daftari. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama. Sikumwona baba mkubwa, na nisingeweza kumwona, kijiji chetu kiko zahanati nyingine.

Nilimuuliza kama halmashauri au mkoa wamewahi kuomba kuliona.

"Hawajui kama lipo," alisema, akilirudisha kwenye droo. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza wale wengine niliwaweka wapi."